MUBIRIZI: NGUVU YAKE NA MPAKA WAKE



Katika gazeti letu hili dogo tumezoea kuwapa habari za mpira, za kwaya na za usafi wa internati. Mara hii mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza juu ya majani. Wengine watacheka: "Majani tena? Sisi si mbuzi!" Lakini someni mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili lilitupata humu humu ndani ya dortwari, nasi wakubwa tuna sehemu yetu katika kosa.

Muhula uliopita mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza alishikwa na homa. Mwili ulitetemeka, kichwa kiliuma, chakula hakikupita. Ilikuwa Ijumaa jioni. Mmoja wetu alikuwa amesoma mahali kwamba majani ya mubirizi yana "antioksidani nyingi sana". Neno lilikuwa kubwa, likatupendeza. Tukachuma majani kwenye ua nyuma ya jiko, tukayafikicha katika maji, tukampa kikombe kizima asubuhi na jioni. Tulimwambia: "Kunywa tu, ni majani, haina shida." Siku ya pili homa ikapungua. Tukajisifu sana. Siku ya nne ikarudi kwa nguvu, na usiku mtoto akaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Hapo ndipo tulipokimbia kumwamsha msimamizi. Alipelekwa kwenye kituo cha afya, damu ikapimwa: malariya, tena kali. Kwa neema ya Mungu alipona. Lakini muganga alituuliza swali moja, nasi tukabaki kutazama chini: "Mlimpa majani hayo yafanye kazi gani?"

Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu tulikwenda kuuliza profesa wa shimi na profesa wa biolojia, tukasoma vitabu, na leo tunawaletea tulichopata.

1. Kutu ya bati na kutu ya mwili

Tuanze na jambo ambalo kila mtu wa Goma analijua. Bati jipya hapa kwetu halikai jipya siku nyingi. Moshi wa Nyiragongo una gesi ya kibiriti. Gesi hiyo ikikutana na maji ya mawingu inakuwa asidi, na mvua inashuka kali. Bati likishaliwa ngozi yake ya juu, chuma kilicho ndani kinakutana na hewa na maji, kinakuwa chekundu, kisha tundu. Katika kazi hiyo chuma kinanyang'anywa elektroni zake, na oksijeni ndiyo inayozichukua. Katika shimi kunyang'anywa huko kunaitwa oksidasyo.

Oksidasyo haiko kwenye bati tu. Kata avoka, iache mezani mpaka mwisho wa somo: nyama yake inakuwa ya kahawia. Acha mafuta ya kupikia wazi kwenye jua siku nyingi: yanapata harufu mbaya. Yote ni ndugu wa kutu.

Basi hata ndani ya mwili wa mtu oksijeni inafanya kazi. Chakula tunachokula kinaunguzwa polepole ndani ya seli ili tupate nguvu ya kutembea, kusoma na kuimba. Kila jiko lina cheche zake. Katika kazi hiyo zinatokea molekuli fulani zenye elektroni moja iliyobaki peke yake bila mwenzake. Wenye elimu wanaziita radikali huru. Hizo hazitulii. Zinakimbia kunyang'anya elektroni kwa jirani, jirani naye ananyang'anya kwa mwingine, na hivyo mafuta ya seli, protini, na hata maandishi ya urithi wetu yanaweza kuharibika.

Antioksidani ni kitu kinachokubali kutoa elektroni yake kwa mwizi huyo, nacho kinabaki kimetulia, hakigeuki kuwa mwizi mwingine. Mwizi akishapata anatulia, na mnyororo unakatika. Ni hilo tu. Mungu hakutuacha bila ulinzi: mwili wenyewe unatengeneza walinzi wake. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, McCord na Fridovich, walieleza anzimu moja ya mwilini ambayo kazi yake ni kuzima aina moja ya radikali hizo. Walinzi wengine tunawapata katika chakula: vitamini C, vitamini E, beta-karotini ile ya rangi ya karoti na mafuta ya ngazi, na jamii kubwa inayoitwa polifenoli.

2. Kwa nini majani?

Jani halikuumbwa kuwa farmasi. Jani linakaa juani kutwa nzima, haliwezi kukimbia kivulini kama sisi saa ya mapumziko. Linapokea mwanga ili litengeneze sukari, na mwanga ukizidi, oksijeni iliyo ndani ya jani inageuka kuwa ya hatari. Kwa hiyo jani linajitengenezea walinzi wengi. Hapa Goma tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, na kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo miale mikali ya jua inavyoongezeka. Polifenoli zinazoitwa flavonoidi zinasaidia jani kama mwavuli juu ya miale hiyo.

Basi tukisema "jani fulani lina antioksidani", hatujasema jambo la ajabu. Majani yote mabichi yanazo. Tofauti ni aina na wingi. Majani ya chai yana katekini. Majani ya mupera yana kwersetini na tanini, ndiyo maana ulimi unakauka ukiyatafuna. Lengalenga na sombe zina beta-karotini na vitamini C.

Na mubirizi? Kwa Kilatini unaitwa Vernonia amygdalina. Waganda wanauita mululuza, na Kameruni wanaosha majani yake mpaka uchungu upungue, wanapika mboga ya ndole. Mwaka 1994 watafiti wakiongozwa na Igile waliandika kwamba walipata ndani ya majani yake flavonoidi tatu za jamii ya luteolini, na kwamba katika majaribio yao zilizuia oksidasyo. Kwa hiyo yule mwenzetu hakusema uongo. Mubirizi una antioksidani kweli. Kosa letu lilikuwa mbele kidogo.

3. Jaribio la kufanya wenyewe

Ili msituamini kwa maneno tu, jaribuni hivi pamoja na profesa. Chukueni gilasi ya maji, tieni matone machache ya iyode ile ya kahawia ya kupaka vidonda. Maji yanakuwa na rangi ya chai. Sasa kamulieni limau, tone moja moja, mkikoroga. Rangi inafifia, kisha inapotea kabisa. Ni kwa nini? Iyode inapenda kunyang'anya elektroni. Vitamini C ya limau inazitoa. Iyode ikishapata elektroni inakuwa iyodidi, isiyo na rangi. (Maji hayo msinywe, yamwageni.)

Jaribio la pili halitaki hata gilasi. Kateni avoka vipande viwili, kimoja mpakeni limau, kingine kiacheni. Baada ya somo moja mtaona wenyewe.

Wataalamu wanafanya karibu vilevile. Wana dawa ya rangi ya zambarau, DPPH kwa kifupi, ambayo ni radikali huru iliyotulia, na ambayo Mmarekani Blois aliionyesha mwaka 1958 kuwa chombo cha kupimia. Wanatia maji ya majani, na kama zambarau inageuka njano, wanaandika: jani hili ni antioksidani. Majani mengi ya dawa za wazee yamepimwa hivyo.

4. Gilasi si mwili wa mtu

Sasa tunafika mahali tulipoanguka. Gilasi haina tumbo, haina ini, haina damu. Flavonoidi nyingi tukizinywa, sehemu ndogo tu inavuka matumbo, na ini linazibadilisha upesi. Kitu kilichoshinda ndani ya gilasi kinaweza kufika kwenye damu kidogo sana, au kimegeuka kitu kingine.

Tena, kuongeza walinzi si lazima kuongeze amani. Kule Finlandi watu wa sayansi walichukua wanaume 29,133 wavutaji wa sigara. Wengine waliwapa vidonge vya beta-karotini kila siku kwa miaka kati ya mitano na minane, wengine hawakuwapa. Walitumaini kansa ya mapafu itapungua. Majibu yalitoka mwaka 1994: kati ya waliomeza beta-karotini kansa ya mapafu ilizidi kwa asilimia 18. Hakuna aliyetazamia. Karoti ndani ya sahani ni chakula chema, lakini kidonge kilichojaa kitu kimoja tu ni habari nyingine.

Na kuna jambo lingine lililotushangaza zaidi. Radikali huru si adui siku zote. Seli nyeupe za damu, wale askari wetu, zikimeza mikrobi zinaimwagia hizo hizo radikali ili kuiua. Moto unaounguza nyumba ndio unaoivisha maharagwe.

Sikilizeni sasa habari ya artemisia. Mwaka 1972 Mchina Tu Youyou na wenzake walitoa ndani ya mmea huo dawa ya malariya, artemisinini, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa hiyo inafanyaje kazi? Molekuli yake ina daraja la oksijeni mbili. Mdudu wa malariya anakula damu yetu nyekundu, na ndani ya damu kuna chuma. Chuma hicho kinavunja lile daraja, radikali zinatokea, na mdudu anaungua kutoka ndani. Kumbe! Dawa yenye nguvu kuliko zote za malariya zilizotoka kwenye jani inaua kwa kuwasha oksidasyo, wala si kwa kuizima. Na sisi tulikuwa tunampa mtoto antioksidani ili zimwondolee malariya. Tulikuwa tunapeleka maji mahali ambapo moto ulihitajiwa.

5. Basi mubirizi hauna kazi?

Msitusikie vibaya. Hatusemi wazee wetu walidanganyika. Mubirizi una kitu kingine zaidi ya antioksidani: uchungu wake. Uchungu huo unatoka kwenye molekuli kama vernodalini, ambazo katika maabara zimeonekana kudhuru wadudu wa magonjwa, mmoja wao ule wa malariya.

Hata wanyama wanajua. Mwezi wa 11 mwaka 1987, katika milima ya Mahale, ng'ambo ya ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, mtafiti Michael Huffman na mzee Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wa Watongwe aliyejua dawa za kienyeji, walimtazama sokwe jike mgonjwa aitwaye Chausiku. Aliacha chakula cha siku zote, akavunja tawi la mubirizi, akamenya ganda na majani, akatafuna kiini cha ndani na kunyonya maji yake machungu. Kesho yake alionekana ana nguvu tena. Mzee Kalunde hakushangaa, kwa sababu watu wake wanatumia mti huo huo kwa tumbo na homa. Angalieni vizuri: sokwe hakula majani, ambayo ndani yake sumu ni kali zaidi. Alichagua sehemu na akachukua kidogo. Sisi tulijaza kikombe.

Na malariya? Huko Uganda mubirizi umejaribiwa kwa wagonjwa wa malariya isiyo kali, na habari zikaandikwa mwaka 2009. Siku ya 14, wagonjwa 67 kwa 100 walikuwa wanajisikia nafuu. Mtu akiishia hapo atapiga makofi. Lakini damu ilipopimwa, wadudu walikuwa wametoka kabisa kwa 32 tu kwa 100, na kati ya hao, karibu 7 kwa 10 ugonjwa uliwarudia.

Wandugu, someni tena hesabu hiyo, halafu mkumbuke mdogo wetu. Homa ilipungua siku ya pili. Sisi tuliona uso, hatukuona damu. Nafuu ile ndiyo iliyotudanganya, ikatula siku mbili ambazo mtoto alikuwa anazihitaji.

Dawa nzuri inatoka kwenye mti, hilo halina ubishi. Hapa Kivu kumepandwa kinkina, ambayo ganda lake ndilo baba wa kinini. Lakini tangu Wafaransa Pelletier na Caventou walipotoa kinini safi mwaka 1820, muganga anaweza kupima miligramu ngapi kwa mtu wa kilo ngapi. Kikombe cha mubirizi hakisemi kina kiasi gani. Jani changa na jani zee si sawa, jani la masika na la kiangazi si sawa. Kwa sababu kama hiyo Shirika la Afya Duniani limekataa chai ya artemisia kuwa dawa ya malariya: kipimo hakijulikani, na dawa pungufu inamfundisha mdudu kuzoea.

6. Je, ni dhambi kutumia majani?

Swali hili liliulizwa katika mkutano wa vijana, na wengine walikasirika. Sisi tunafikiri hivi. Katika Isaya sura ya 38 nabii aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, naye akapona. Nabii hakuona aibu kutumia kitu cha shamba pamoja na maombi. Jani ni kiumbe cha Mungu. Kwenda kwa mufumu ili akutajie jirani aliyekuroga, hilo ni jambo lingine kabisa, na kanisa limelikataza. Lakini kuna kosa la tatu ambalo halihubiriwi sana: kumpa mwenzako kitu usichokijua, na kumwambia kwa sauti ya hakika kwamba kitamponya. Hilo ndilo letu.

Linatuhusu hata tunapopita sokoni. Muuzaji mwenye mikrofoni anasema unga wake una antioksidani, kwa hiyo unaponya sukari, presha, kansa na ugumba. Mpeni heshima yake kama mtu mzima, lakini mwulizeni kama muganga alivyotuuliza: "Unafanya kazi gani? Umepimwa kwa gilasi au kwa mtu? Kiasi gani?" Sauti yake itashuka.

7. Tunachowaomba

Kwanza, antioksidani zitafuteni kwenye sahani. Lengalenga, sombe, karoti, mapera, mapapai, malimau: hizo zinapatikana kwetu. Sombe lazima ipondwe na ichemke sawasawa ili sumu yake itoke. Vitamini C inapotea nyingi katika kuchemsha, kwa hiyo ongezeni tunda bichi lililooshwa. Beta-karotini inavumilia moto zaidi, na inaingia mwilini vizuri ikipata mafuta kidogo.

Pili, mtu mwenye homa asifichwe, hata kama ni usiku, hata kama kesho kuna mtihani. Ataarifiwe msimamizi jioni ile ile, damu ipimwe.

Tatu, mwenye kunywa dawa ya majani nyumbani asimfiche muganga. Aseme ni majani gani na kiasi gani, maana dawa mbili zinaweza kugombana ndani ya mwili mmoja.

Nne, tusidharau maarifa ya wazee. Kule Lwiro, karibu na Bukavu, kuna kituo cha utafiti wa sayansi, mrithi wa kile kilichoanzishwa na Wabeljiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, na mimea ya nchi yetu imekusanywa huko, imekaushwa na kuandikwa majina. Kati yenu ninyi wa mwaka wa kwanza na wa pili, nani atakwenda kuipima? Ulizeni wazee wenu majina ya majani na matumizi yake, yaandikeni katika kayee. Mzee akiondoka bila kuulizwa, farmasi nzima imefungwa.

Mdogo wetu yule amerudi darasani, na tunamshukuru Mungu. Alipata alama nzuri katika biolojia kutushinda sisi tulipokuwa mwaka wake. Akitukuta kwenye varanda anatuita "wadaktari wa mubirizi", nasi tunacheka naye, kwa kuwa tumestahili. Tulimwomba msamaha mbele ya dortwari nzima, akatusamehe. Ua nyuma ya jiko bado uko, hatukuukata. Mubirizi haukutenda kosa lolote.

Sisi wakubwa wa internati, kwa niaba ya darasa la sita.